Begi la Maji la Zaituni

Siku robota la mitumba lilipokatwa tulikuwepo watu watano, ukiacha wateja, na nawataja wote kwa sababu wanne wameshatangulia, nimebaki mimi wa kuwataja. Alikuwepo Zaituni, mdogo wangu, tumbo moja, ambaye begi lilitafutwa kwa ajili yake. Alikuwepo Mzee Kondo, kocha wa wakimbiaji wa kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Zaituni kabla hakijafungwa. Alikuwepo Kidawa, shoga yangu, mpangaji mwenzangu katika nyumba ya Mtaa wa Mafia na mwenzangu wa biashara. Turubai la mitumba tulitandika moja, mabegi na mikoba. Alikuwepo Mama Hansa, Mhindi wa duka la sufuria lililotazamana na turubai letu, ambaye kila tukifungua robota alitoka kusimama barazani akisema amekuja kupunga upepo. Wa tano ni mimi, Hawa.

Jumamosi iliyopita tumesoma hitima ya arobaini ya Zaituni. Watu walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Uwani tukabaki mimi na Rehema, bintiye, tunakosha sahani. Rehema akaniambia maneno machache tu, wala hakukusudia lolote, kisha akaendelea kusugua sufuria. Maneno hayo nitayaweka mahali pake. Ila ndiyo yaliyonifanya nimwombe mjukuu wangu daftari, maana shule mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu mzito, lakini jina la mtu sijawahi kulipoteza.

Mwaka ule ndio maduka yalipoanza kujaa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni na kuficha sukari uvunguni, tuliamka Kariakoo ina kila kitu, kuanzia redio mpaka maua ya plastiki. Watu wakasema sasa ruksa. Lakini viwanda navyo vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na Zaituni akarudi nyumbani na barua mkononi na viatu vyake vya mbio shingoni, amevifunga kamba kwa kamba. Mwaka huohuo kipindupindu kikaingia mtaani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walitolewa watu wawili katika wiki moja. Mitaro ikamwagiwa chokaa, mpaka njia nzima ikanuka chokaa. Maji ya bomba yalikuja yanapotaka, na ya mkokoteni hukujua yamechotwa wapi. Tulichemsha, tukachuja kwa kitambaa, tukachemsha tena, na bado ukimpa mtu kikombe ulimtazama usoni anavyokunywa kana kwamba utaona kitu. Hadi leo, nikiwekewa maji na mtu nisiyemjua, huyanusa kwanza.

Hofu yangu kubwa lakini haikuwa hiyo. Hofu yangu ilikuwa Zaituni kukauka. Mwezi wa pili, jua la kuchoma, alikwenda na wenzake kukimbia milima ya Pugu, wakaingia msituni, wakapotea njia. Aliletwa juu ya lori la mkaa. Nilimpokea kibarazani midomo imepasuka kama udongo wa jangwa la chumvi, macho yanatazama lakini hayanioni. Akaniita jina la marehemu mama. Siku tatu alilala chumbani kwangu, kitandani mwangu, na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Mganga wa zahanati, kijana mpole, alinivuta pembeni ya pazia akaniambia, "Dada, figo za mdogo wako zimeponea chupuchupu. Safari nyingine kama hii mnaweza msimkute." Zaituni alikuwa macho, alisikia. Tulipobaki wawili aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamjibu amesema unywe maji. Akacheka, akageukia ukutani.

Nilidhani yamekwisha. Baada ya miezi miwili Mzee Kondo akaja, akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu kilichokuwa karibu na mlango, akakataa chai kwa kuogopa kipindupindu, akapokea muhogo wa kuchemsha. Akasema kuna mbio zinaandaliwa, Pugu hadi upande wa Kisarawe na kurudi, njia za msituni na milimani tupu, hamna lami. Wakubwa wa timu moja ya majeshi watakuja kutazama. Watakaofika kabla meza ya kuandikia majina haijakunjwa saa saba watachukuliwa, wawe wa kwanza wawe wa ishirini. Watapewa kazi, magwanda na pa kulala. "Lakini kuna sharti," akasema. "Kwa ajili ya kipindupindu hawataki mkimbiaji aguse maji ya njiani. Kila mtu abebe yake mwenyewe."

"Atabebaje?" nikauliza. "Kichwani?"

"Ndiyo nimekuja kwako, Bi. Hawa. Wewe ndiye mwenye mabegi. Wazungu wana ya kubebea maji mgongoni."

Zaituni alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Dada, usipolipata nitabeba kidumu." Nikajua atakwenda, na begi au bila begi, na kwamba kazi yangu mimi si kumzuia tena, ni kumtafutia maji.

Robota tulilichukua Mchikichini, la mabegi pekee, likaja kwa mkokoteni. Sasa sisi watu wa mitumba tuna desturi yetu: wembe ukishapita kwenye kamba, aliyewahi kuweka mkono juu ya kitu, na asiuondoe, ndiye mwenye kukichagua, ukiinua mkono hata kujikuna umekipoteza. Kwa hiyo wateja wetu wa kwanza walisimama wameinama kama wanaotafuta sindano. Mimi nilikuwa nimeshawaambia, begi lolote lenye mambo ya maji ni la nyumbani. Kidawa akakata. Yakamwagika ya shule, ya kike, ya safari, yakanuka ule unuko wa mitumba ambao kila muuzaji anaujua, dawa na vumbi la mbali. Mkono wangu wa kulia ukaangukia begi jekundu, jembamba, lenye mrija mweupe unaning'inia begani. Wa kushoto ukashika la bluu, pana, nalo lina mrija. Nikabaki hivyo, nimetanda kama kaa, mpaka watu walipomaliza.

"Shoga, umekamata nini?" Kidawa akaniuliza. "Haya si ya hospitali haya? Mrija huo mimi nimeuona wodini. Wanatiwa wazee wasioweza kwenda chooni."

Watu wakacheka. Mzee Kondo hakucheka. Alilichukua la bluu, akatoa mfuko wa ndani, mnene kama mpira wa maji ya moto, una mdomo mpana unaoweza kuingiza mkono mzima. Akatoa na wa jekundu, mwepesi, laini, mdomo wake mdogo wa kufungia kwa kizibo. Mwisho wa mrija palikuwa na kichuchu, ukikiuma maji yanatoka, ukikiachia yanakoma. Kidawa akakishika kwa ncha ya kidole. "Nyonya tu, Zai. Mwenyewe yuko kaburini, hakidai."

Ndiyo hayo maneno yaliyoniingia. Mitumba tulikuwa tunaiita kafa Ulaya, na mimi nilikuwa nikiiuza mchana kutwa nikicheka jina hilo. Kuvaa gauni la marehemu ni jambo moja, unafua, unaanika, umemaliza. Lakini kutia mdomoni alichonyonya marehemu? Amekufa kwa nini? Mama Hansa naye alishuka barazani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akatazama kile kichuchu, akasema, "Sisi hatutii mdomo kwenye chombo cha mtu mwingine, Bi. Hawa. Hata mume wangu, maji anamimina kwa juu, mdomo haugusi. Na huyo ni mume." Akaingia dukani, akatoka na ndimu kumi na fundo la chumvi ya mawe. "Hicho cha kunyonya chemsha. Mfuko tia chumvi na ndimu siku tatu. Basi. Usifanye zaidi."

Zaituni aliyajaribu yote mawili mbele yetu. La bluu alilijaza maji ya chupa nne za soda, akakimbia nalo mpaka Jangwani na kurudi. Alirudi limemchuna mabega, na lilikuwa linaruka mgongoni, huku maji ndani yanapiga kelele kama mtu anayesukutua. Mzee Kondo akamfundisha kugeuza mfuko juu chini na kuunyonya hewa, kelele zikapungua, kuruka hakukupungua. La jekundu lilimkaa kama kanga ya mtoto mgongoni, lina mkanda mdogo wa kifuani. Alikimbia, akarudi, akakimbia tena bila kuambiwa. "Hili hata silijui kama lipo," akasema.

Mimi nikasema la bluu. Nikasema la bluu mkono unaingia, linaoshwa likasafika, hili jekundu utalioshaje? Mzee Kondo akaniambia kwa upole, "Binti, begi la kukimbia halichaguliwi kwa kuosha. Linachaguliwa kwa kukimbia. Huko milimani likimchuna bega saa ya kwanza, saa ya pili atalivua alitupe, maji na kila kitu." Zaituni alilikumbatia lile jekundu. La bluu likauzwa siku ileile kwa mwanamke wa Magomeni, Bi. Tatu binti Saidi, aliyesema atawekea uji wa mgonjwa wake.

Nikafanya kama alivyosema Mama Hansa. Kichuchu nikakichemsha mpaka maji yakakauka mara mbili. Mfuko nikautia chumvi na ndimu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tatu nikautia pua mdomoni mwake nikavuta. Ulinuka ndimu, na nyuma ya ndimu, mbali kabisa, kulikuwa na kitu. Sijui kama kweli kilikuwepo. Nilimwita Kidawa anuse, akasema hanusi kitu ila ndimu. Nikasubiri atoke, nikanusa tena, kipo. Nilijaribu kuingiza kidole, hakipiti kwenye mdomo ule. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, hakifiki pembeni. Nikaanza kuona kwa macho yangu mtu mweupe, mgonjwa, ameketi juu ya kitanda cha chuma ananyonya mrija ule, na ananitazama.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya mchana, mbio ni Jumapili. Zaituni amekwenda kwa Mzee Kondo, Kidawa yuko kwenye turubai. Nikakumbuka mtungi. Kila mwanamke wa pwani anajua, mtungi wa maji ukianza kuvunda unaugeuza kifudifudi juu ya chetezo cha ubani, moshi unaingia, unakaa, na maji utakayotia yatanukia na yatakuwa salama. Ndivyo alivyofanya mama, ndivyo nilivyofanya mimi maisha yangu yote. Nikawasha kaa, nikafunga mlango wa chumba, nikatia ubani mzuri niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya Maulidi. Nikaugeuza mfuko, mdomo chini, juu ya moshi. Nikasoma niliyoyajua. Moshi ukaingia, mfuko ukavimba kidogo, nikafurahi, nikasema sasa wewe uliyekufa, toka.

Lakini mtungi husimama wenyewe. Mfuko hausimami. Nilikuwa nimefumba macho ninasoma, na pembe ya chini ya mfuko, pale mrija unapotokea, ikajikunja taratibu ikalala juu ya ukingo wa chetezo. Nilishtuliwa na harufu. Nikauvuta. Palikuwa na kikunjo kidogo, kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Nikautia maji nikauning'iniza msumarini juu ya beseni, nikakaa kitandani nikitazama chini yake mpaka adhana ya alasiri. Hapakudondoka kitu. Nikamshukuru Mungu, nikafungua madirisha, na Zaituni aliporudi akauliza mbona chumba kinanukia kama kuna mwali, nikamwambia Ijumaa hii.

Jumapili alfajiri tulikuwa Pugu. Wakimbiaji wengi wamebeba vidumu vimefungwa kwa vipande vya kanga, wengine chupa kwenye mikanda. Nilimjazia mwenyewe, maji niliyoyachemsha mwenyewe, nikafunga kizibo, nikaubonyeza kwa kidole gumba pale kwenye kikunjo. Likatoka tone moja. Nikalifuta kwa kanga. Nikabonyeza tena, tone jingine. Zaituni alikuwa ameinama anafunga viatu, mgongo wake uko mbele yangu, mwembamba, unahema. Nilikuwa na muda wa kusema. Watu huwa wanasema hawakupata muda, mimi niliupata. Nikajiambia, nikimwambia ataondoka na kidumu, au ataondoka bila kitu, lakini ataondoka. Nikajiambia tone ni tone tu. Na chini ya hayo yote niliogopa kumwambia ni mimi. Nikamvalisha begi, nikamfunga mkanda wa kifuani kama ninavyomfunga mtoto wa shule.

"Ulikuwa unafuta nini, Dada?"

"Umande."

Wakaondoka. Mimi na Kidawa tukakaa chini ya ukuta wa uwanja wa mpira na kapu letu la chapati, na sikula. Jua likapanda. Niliyahesabu matone kichwani, hatua ngapi mtu anapiga, kila hatua begi linabanwa, kila kubanwa tone. Saa tatu nilijua maji yamefika nusu. Saa nne nilijua hakuna kitu. Kidawa alinisemesha habari za watu, nikamwitikia nisichokisikia. Nilikuwa naiona ile midomo iliyopasuka, nasikia ananiita mama. Saa tano lori la kuokota walioanguka likarudi na watu sita. Nilikimbia, nikapanda gurudumu, nikatazama sura moja moja. Kijana mmoja alikuwa anatapika povu. Zaituni hayumo. Nikamuuliza dereva kama amemwona msichana wa begi jekundu. Akasema, "Yule amebeba mtoto?" Nikamwambia hana mtoto. Akasema basi hajamwona.

Walianza kufika. Wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili. Wakubwa wa majeshi wakaandika majina yao mezani. Mzee Kondo alisimama njiani na kofia mkononi. Saa saba ikapigwa, wakasubiri kidogo, kisha mmoja akakunja karatasi na mwingine akakunja meza. Nikasikia miguu ya meza ile inavyojifunga, kak, kak. Nilikuwa nimeshaanza kumsomea mdogo wangu dua za marehemu, Mungu anisamehe, na sikujua kama nazisoma kwa sauti, mpaka Kidawa aliponiziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, shoga. Yule nani?"

Alikuwa anatembea, hakimbii. Ametapakaa vumbi jekundu mpaka kope. Begi alikuwa amelivaa tupu, na ule mfuko wa ndani ameutoa, ameugeuza pembe iliyotoboka ikawa juu, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Kidole gumba kimoja kimebana tundu. Hivyo ndivyo alivyokwenda tangu mlima wa pili. Mtu hawezi kukimbia mikono yake imebeba, lakini anaweza kufika. Alipita pale meza ilipokuwa, akaja mpaka nilipo, akanipa mfuko. Ulikuwa bado una maji, kama kikombe kimoja, ya moto.

Mzee Kondo akaushika, akautazama. "Umefanyaje hapa?"

"Mwiba," Zaituni akasema. "Nimeingia kwenye miiba kule msituni."

Mzee Kondo akapitisha kidole kwenye kikunjo. Alikuwa mtu wa kiwanda, anajua kitu kilichoungua na kitu kilichotobolewa. Akanitazama mimi, akamtazama Zaituni, akavaa kofia. "Miiba ya Pugu mibaya," akasema.

Zaituni hakuchukuliwa na timu yoyote. Alipika vitumbua mbele ya shule moja ya Ilala kwa miaka yote iliyofuata, akaolewa, akazaa, akawa na magoti mabovu. Mbio hazikutajwa tena baina yetu, na mimi ule mwiba niliushika kwa mikono miwili. Nilijiambia mara nyingi kwamba huenda kweli ulikuwa mwiba, kwamba kikunjo changu kilikuwa kando na tundu lilikuwa kando. Nilimwuguza mpaka mwisho, siku zile za mwisho kwa kijiko, na mara mbili nilifungua mdomo kumwambia, nikamwambia unywe maji.

Sasa neno la Rehema. Tulikuwa tunakosha sahani, akachukua mtungi wa uwani, akaugeuza juu ya chetezo ili aufukize, akaushikilia kwa uangalifu mkubwa usiguse ukingo, kitu ambacho mtungi wa udongo hauhitaji. Nikamwuliza mbona unaushika hivyo. Akasema, "Mama alitufundisha. Alikuwa akisema shikilieni vizuri, Mama yenu Mkubwa aliniunguzia mfuko wangu wa maji mara moja, nikayanywa njia nzima yananukia ubani, nikajua sifi."

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Inawezekana meza ilikunjwa kabla ya saa saba, au lori lilirudi na watu watano. Bi. Tatu wa Magomeni, kama yuko hai, ataniambia kama lile la bluu lilikuwa na mrija mzima au uliokatwa. Kama kuna mtu alikimbia Pugu mwaka ule na anaona nimekosea, aje Mtaa wa Mafia aniulizie, wananijua, anisahihishe. Na kama yupo aliyekuwa nyuma ya Zaituni kwenye ule mlima wa pili, na aliuona mwiba kwa macho yake, huyo namwomba asichelewe.